UZI: Mpishi Mmalagasi, serahangi Mfilipino na ile namba 5. Watu waliosambaza lugha kwa ngalawa

Kasia Bovu (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha mara nyingi sababu kila nikianza kuandika naona utakuwa mrefu, leo niko likizo nyumbani Tanga, mvua inanyesha, umeme upo, acha niushushe tu mtanisamehe kwa typing.

Miaka kadhaa nyuma nlikuwa meli ya mizigo, mi niko chumba cha injini. Serahangi wetu (msimamizi wa mabaharia wa juu) alikuwa Mfilipino, mtu mzima mkimya sana, mwenzangu wa zamu kule chini Mwindonesia, na mpishi alikuwa Mmalagasi wa Mahajanga, Madagaska. Asubuhi moja mpishi anagawa mayai ya kuchemsha, anahesabu kwa kilugha chake kama mtu anayejisemea mwenyewe: isa, roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo.

Serahangi akaweka kijiko chini. Akamwambia rudia. Mpishi akadhani anashtakiwa kaiba yai, akarudia huku amenuna. Serahangi akaanza ya kwake: isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito, walo, siyam, sampu. Kimya. Wakarudia pamoja polepole, huyu anasema fito yule pito, huyu valo yule walo, huyu enina yule anim, mpaka chai ikapoa. Mwindonesia naye akaingia na dua, empat, lima, enam yake, ila kwenye tatu akasema tiga, kwenye saba tujuh, nane delapan, tukamcheka kwamba yeye ndo aliyepotea njia. Nami nikajitosa nikasema "tano!" wakaniangalia kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Sasa fikirieni. Manila mpaka Mahajanga hapo katikati kuna bahari yote ya Hindi. Na huyo mpishi ukimuona mtaani kwetu Ngamiani utamsalimia kwa Kiswahili, wala hutojiuliza mara mbili. Tangu siku ile nikawa nasoma kila nnachokipata juu ya hawa watu. Nashusha kwa mafungu, tulieni.

mzee wa data

Mkuu hii ni chai ya saa nne. Namba zinaazimwa bana. Sisi wenyewe sita, saba, tisa tumezitoa kwa Waarabu, kwa hiyo na sisi ni ndugu wa Yemeni? Meli za biashara zimepita huko miaka na miaka, mtu anajifunza kuhesabu ili asipunjwe.

Lulu ya Sadani

Naweka kigoda hapa, nisije nikapitwa.

Isimu na Njaa

@mzee wa data swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, nasomea hii kitu chuo ngoja nikusaidie kabla mleta mada hajarudi.

Ni kweli namba zinaazimwa. Lakini neno la kuazima huwa linajulikana. Sita yetu angalia ilivyofanana na sitta ya Kiarabu, haijachakaa, bado ina lebo ya dukani. Neno la kurithi linafanya kinyume, linatofautiana, ila linatofautiana kwa mpangilio. Kiswahili watu, Kisukuma banhu, Kizulu abantu, Kikuyu andũ. Hakuna aliyemkopa mwenzake hapo, kila mmoja karithi kwa bibi yule yule na kila mmoja kaliharibu kwa staili ya ukoo wake.

Kimalagasi kina staili yake ya kuharibu. Weka pembeni Kimalei au Kitagalog uone. P inakuwa f: pito/fito, apat/efatra, moto ni api kwa Wamalei ni afo kwa Wamalagasi. B inakuwa v: jiwe ni batu, kule vato. K inakuwa h: mti au ubao ni kayu, kule hazo. L ikifuatwa na i inageuka d, ndo maana lima ikawa dimy. Na T ikiwa mwisho wa neno inakuwa -tra: mbingu ni langit, kule lanitra. Sasa chukua neno moja lenye vyote, ngozi: Kimalei kulit. K iwe h, li iwe di, t iwe tra... hoditra. Na ndilo neno lao la ngozi mpaka leo. Mfanyabiashara hawezi kuazima ngozi, mbingu, moto na jiwe vyote kisha avibadilishe kwa kanuni moja bila kukosea. Huo ni urithi.

mzee wa data

Sawa nimekusikia. Lakini kufa kwa Kimalei si "mati"? Na Kimalagasi maty? Hiyo si maiti na mauti ya Kiarabu hiyo? Nimekukamata hapo.

Isimu na Njaa

Hujanikamata 😂 kule Hawaii ni make na New Zealand ni mate, nako Mwarabu alifika lini? Ni sadfa tu. Hawaii wana kawaida ya kufanya t kuwa k: jicho ni mata kwa Wamalei, Watagalog na Wamaori, Hawaii maka. Lugha zikiwa elfu na zaidi lazima utapata maneno yanayogongana kwa bahati.

Ila nikuongezee utamu, jicho kwa Kimalagasi ni maso. Kwa kanuni zao t ya katikati haina sababu ya kuwa s, wapo wanaisimu wanaohisi hapo tumeingilia sisi Wabantu na "maso" zetu. Kwa hiyo maiti umekosa, lakini kwenye macho ungeweza kunisumbua.

Kasia Bovu

Nimerudi, asante mwanaisimu umenipunguzia kazi.

Hii familia inaitwa ya Kiaustronesia. Lugha kama 1,200 hivi. Kabla Wazungu hawajatawanya za kwao, hakukuwa na familia iliyotanda eneo kubwa kama hii duniani: magharibi mwisho Madagaska, mashariki mwisho Rapa Nui, kile kisiwa cha masanamu ya mawe kilicho mali ya Chile, mbali kabisa baharini, kaskazini Hawaii, kusini New Zealand. Na hii si habari ya juzi, Mholanzi Adriaan Reland alishaona mwaka 1708 kwamba Kimalei, Kimalagasi na lugha za visiwa vya Pasifiki ni za ukoo mmoja, kwa kulinganisha tu orodha za maneno walizoleta mabaharia.

Wametoka wapi? Wengi wanasema Taiwan. Si hawa Wachina wa Taiwan mnaowajua, wale wenyeji wa asili wa milimani na pwani ya mashariki. Sababu yake ni ile ile tunayosema Wabantu walianzia mpakani mwa Nigeria na Kamerun: ukitaka kujua kijiji cha kwanza tafuta mahali lugha zimetofautiana zaidi, maana pale ndipo watu wamekaa muda mrefu zaidi wakigombana. Kwa hesabu ya Robert Blust, ambayo wengi wanaifuata, familia nzima ina matawi 10 makubwa, na 9 yote yako ndani ya kile kisiwa kimoja cha Taiwan. La kumi ndo limebeba Filipino, Indonesia, Madagaska, Hawaii, wote waliobaki. Yaani tawi moja lilipanda chombo, mengine 9 yalibaki nyumbani yanalima mtama wao.

Kama miaka 4,000 iliyopita wanavuka kwenda Filipino. Miaka 3,500 hivi wameshafika visiwa vya Mariana, hapo ni maji matupu kilomita zaidi ya 2,000. Miaka 3,300 wako visiwa vya Bismarck juu ya Papua, na hapo ndo wanaanza vile vyungu vinavyoitwa Lapita, jina limetoka eneo la New Caledonia walikochimba mwaka 1952. Vyungu vyenye nakshi za vitone vitone vilivyogongwa na kifaa chenye meno, mistari midogo mpaka unaona sura ya mtu na macho yake inakukodolea kwenye ukingo wa chungu. Ukivikuta popote unajua hawa jamaa wamelala hapa. Kufika miaka 2,800 iliyopita wako Tonga na Samoa.

Halafu wakapumzika. Zaidi ya miaka elfu na mia kadhaa hawaendi mbele. Mi hiki kituo ndo kinanisumbua kuliko safari zenyewe. Ikifika kama mwaka 1000 wa hesabu yetu hii, kitu kikafunguka, wakatoka kama nyuki: Tahiti, Hawaii, Rapa Nui kwenye miaka ya 1200, New Zealand baadaye kidogo karne ya 13. Ndani ya miaka 300 hivi Pasifiki yote imekwisha, Kilwa kwetu wanajenga msikiti wa mawe, wao wanatua Aotearoa, ndo New Zealand hiyo kwa Kimaori.

Niko Kigamboni

Mkuu mi nilisikia hawa wa Pasifiki walitoka Amerika Kusini, kuna Mnorway alitengeneza chelezo akavuka nalo kuthibitisha.

Kasia Bovu

Thor Heyerdahl, 1947, chelezo la Kon-Tiki, siku 101 toka Peru mpaka visiwa vya Tuamotu. Mwanamume kweli, simpingi. Lakini kuthibitisha kwamba inawezekana si kuthibitisha kwamba ilitokea, mi naweza kutembea kwa mguu mpaka Dodoma haimaanishi babu yangu Mgogo. Lugha ya Rapa Nui mkono na tano ni rima, lima ile ile, ni Kipolinesia kitupu, lugha za visiwa vya Hawaii, Tahiti na New Zealand.

Alichogusa ambacho si uongo ni kwamba pande mbili zilikutana. Viazi vitamu asili yake Amerika Kusini, na Wapolinesia walikuwa navyo kabla ya Mzungu yeyote, wanaviita kumara, jina linalofanana na kumar la kule milima ya Andes. Na mwaka 2020 utafiti wa DNA ulionyesha damu ya Wahindi Wekundu iliingia visiwa vya mashariki mwa Polinesia kwenye miaka ya 1200 kasoro. Kwa hiyo kuna mtu alivuka. Mi nampa kura mwenye ngalawa kuliko mwenye chelezo.

Mpemba wa Kojani

Assalam alaykum. Yakhe nimesoma uzi wote umesema ngalawa ngalawa hujaeleza ngalawa yenyewe, na hapa ndo penyewe. Wa bara mtuwie radhi.

Mtumbwi ni gogo limechongwa, likipigwa na wimbi ubavuni linabiruka, ukiweka tanga linabiruka zaidi. Sasa watu wakafikiri, wakatoa miti miwili kukingama juu ya chombo, kila ncha wakafunga ubao unaogusa maji. Hayo ndiyo matengo. Ngalawa yetu ina matengo pande zote mbili, kushoto na kulia. Gogo huwa la mwembe mara nyingi. Ukiwa na matengo unaweza kuweka tanga kubwa kuliko chombo chenyewe na ukalala, maana upande ukitaka kuzama ule mwengine unauvuta na huu wa chini unausukuma juu. Marehemu babu yangu alikuwa anasema matengo ndiyo akili, gogo ni gogo tu.

Swali langu kwa mleta mada, hawa wa Pasifiki wao matengo wanayo?

Kasia Bovu

Sheikh wangu umeeleza kuliko vitabu. Matengo ndiyo alama yao. Ukichora ramani ya vyombo vyenye matengo na ramani ya lugha zao, ramani zinakaribia kulaliana. Filipino na Indonesia wanapenda pande mbili kama ninyi. Pasifiki wengi ni upande mmoja, na kwa baadhi yao huo upande lazima uelekee joshini, upepo unakotoka. Sasa we kama baharia jiulize, wakitaka kupiga bisho watafanyaje? Wakigeuza chombo tengo litakuwa demani litazama. Wa Micronesia, vile visiwa vidogo vya magharibi mwa Pasifiki, jibu lao: hawageuzi chombo, wanabeba tanga lote toka mbele wanalipeleka nyuma, omo inakuwa tezi na tezi inakuwa omo, tengo linabaki joshini pale pale. Nimeona video ya hicho kitu nikarudia mara sita.

Kwa safari ndefu za kuhama na familia, kuku na miche wao walifunga magogo mawili makubwa pamoja na jukwaa katikati.

Na walienda kinyume na upepo makusudi. Kule upepo wa kawaida unatoka mashariki. Unasubiri siku chache za mwaka upepo unapogeuka kutoka magharibi, unaenda nao. Usipoona kisiwa, upepo wa kawaida ukirudi unakuletea nyumbani. Anayekwenda na upepo wa kawaida ndiye anayepotea mazima.

Mpemba wa Kojani

Hii nimeifahamu. Hata sisi mtu akienda kuvua asubuhi aangalia kwanza atarudi na nini.

dada wa Likoni

Na njia walijuaje usiku bila dira? Hii nayo niambiwe.

Kasia Bovu

Dada yangu nyota, mawimbi na ndege. Mwaka 1976 Wahawaii walichukua chombo cha magogo mawili walichokijenga wenyewe, Hōkūleʻa, wakataka kwenda Tahiti bila kifaa chochote cha kisasa kubishana na wale waliosema mababu zao walisukumwa na maji kwa bahati. Tatizo Hawaii nzima hakuna aliyebaki anajua. Ikabidi wamfuate mtu kisiwa cha Satawal huko Micronesia, kisiwa ukikizunguka kwa mguu hujachoka, anaitwa Mau Piailug. Alifundishwa na babu yake tangu mtoto, anawekwa kwenye vidimbwi vya pwani ahisi maji yanavyovuta. Hakuwahi kufika Tahiti, na nyota za kusini kule nyingine si za kwao. Akawafikisha, mwezi na siku chache baharini. Watu maelfu Papeete walijaa bandarini.

Usiku wa mawingu nyota hakuna, anajilaza chini ndani ya chombo anasikiliza wimbi kubwa la mbali linavyopiga, si haya madogo ya upepo wa leo, yale marefu yanayotoka upande mmoja wiki nzima. Likibadilika jinsi linavyoinua chombo anajua mmekengeuka. Na ndege, wapo wanaovua baharini mchana na jioni lazima warudi nchi kavu, ukiwaona jioni fuata wanakoelekea.

Na nyota zenyewe zingine mnazijua. Kile Kilimia chetu, cha "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua", Wamaori wanakiita Matariki na ndo mwaka mpya wao, tangu 2022 ni sikukuu ya taifa New Zealand. Mata hapo ni yale yale macho.

mzee wa data

Nashuka kidogo kidogo naanza kuamini. Ila kuna jambo hamjaligusa mnaliogopa. Mleta mada umesema mpishi ukimuona utamsalimia Kiswahili. Sasa mtu mweusi kama mimi anaongea lugha ya Asia kivipi? Ama lugha imekosea ama mtu kakosea.

Kasia Bovu

Hapo ndo nilitaka tufike mkuu, hicho ndo kimenifanya niandike uzi. Hakuna aliyekosea. Watu wengi, hata wasomi, wanafikiri lugha na damu vinapanda chombo kimoja vinashuka bandari moja. Sivyo.

Anza Vanuatu. Mwaka 2016 walipima DNA ya mifupa ya makaburi ya Teouma, watu wa Lapita wenyewe, karibu miaka 3,000. Wamekuta Waasia watupu, damu ya Kipapua karibu hakuna. Leo Wanavanuatu wengi sura na damu ni Wapapua kwa kiasi kikubwa, waliingia baadaye. Lugha? Bado za Kiaustronesia zote. Watu wamebadilika karibu wote, maneno yamekaa.

Sasa njoo Madagaska. Mnorway mwingine, Otto Dahl, mwaka 1951 alionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa Kimalagasi ni Kimaanyan, kinachosemwa bonde la mto Barito kusini mashariki mwa Borneo. Umbali kilomita zaidi ya 7,000. Na kichekesho Wamaanyan leo ni wakulima wa bara, mtoni, bahari hawana habari nayo. Ndo maana wengi wanadhani waliletwa ndani ya vyombo vya Wamalei, wao labda mabaharia wa chini, wapiga makasia, kina sisi wa chumba cha injini. Na Kimalagasi kina maneno ya Kimalei na hata ya Kisanskriti (lugha ya kale ya Uhindi) ya kupitia kwa Wamalei, kwa hiyo waliondoka baada ya Uhindi kuingia Indonesia. DNA ya upande wa mama, utafiti wa 2012, ikasema jamii ilianza na wanawake kama 30 tu hivi, karibu wote wa asili ya Indonesia, miaka kama 1,200 iliyopita. Thelathini wakuu. Hao hawajazi hata basi la Tanga Dar.

Halafu Wabantu wakavuka kutoka kwetu, wengi, damu ya Wamalagasi leo ni pande zote mbili, pwani Afrika inazidi, nyanda za juu Asia inazidi. Lugha ikabaki ya wale 30. Ila sisi hatukwenda mikono mitupu, fungua zizi lao uone: ng'ombe ni omby. Kuku ni akoho. Mbwa amboa. Kanga akanga. Punda ampondra. Namba, mwili, mbingu vya Borneo, mifugo ya kwetu. Kila mtu kaleta alichokuwa nacho.

Lulu ya Sadani

Ampondra 😂😂 nimemuona punda kabisa anapita.

Mngazija wa Marseille

Habari zenu, mimi wa Komori naishi Ufaransa, Kiswahili changu cha kujifunza mnisamehe. Ngalawa sisi twaita galawa, ni ile ile.

Nataka kuongeza kitu cha kwetu. Wachimbaji walichambua mbegu zilizoungua katika vijiji vya kale, 18 kwa jumla, pwani ya Afrika, Komori na Madagaska, matokeo yakatoka 2016. Pwani ya bara na visiwa vya karibu wamekuta mtama, uwele, kunde, ubuyu, chakula cha Afrika. Komori na Madagaska karne ya 8 mpaka ya 10 wamekuta mpunga, choroko na pamba, chakula cha Asia. Lakini sisi Wakomori twasema Kibantu! Ndugu wa Kiswahili kabisa. Kwa hiyo huenda Waaustronesia walikaa kwetu kwanza wakala wali wao, kisha lugha yetu ikawashinda. Madagaska yao ikashinda. Kisiwa na kisiwa, matokeo kinyume. Bibi yangu hajala siku bila wali, sasa najua wa kumlaumu.

Isimu na Njaa

Hii ya mwisho ni nondo nzito kuliko yangu.

Mpemba wa Kojani

Na kwetu Pemba hawakufika? Msitutoe kwenye historia.

Kasia Bovu

Mmo sheikh, ila mlishambuliwa. Nahodha wa Kiajemi Buzurg ibn Shahriyar aliandika kwamba mwaka 945 watu aliowaita Wakwak walikuja na vyombo kama elfu moja kuuvamia mji wa Qanbalu, na wengi wanasema Qanbalu ni Pemba. Walikuwa wamesafiri mwaka mzima, walitaka pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Mji ulikuwa na boma, wakashindwa. Hiyo elfu moja mi naona nahodha kaongeza chumvi, mabaharia tunajuana. Na wanabishana bado hao Wakwak walitoka Indonesia moja kwa moja ama walishahamia Madagaska. Lakini mtu wa Pemba kuwaona watu wenye vyombo vya matengo karne ya 10 mi sioni ajabu. Swali la nani alimfundisha nani kuchonga ngalawa ukiniuliza nitasema walifundishwa babu zako, wakaiboresha.

Mpemba wa Kojani

Wakashindwa. Hapo tu ndo nilipotaka 😄

Sasa skiza. Jana nimemhadithia ami yangu hii habari, mvuvi wa miaka 70, nikamwambia kuna watu Madagaska lugha yao ya Asia na wamekuja na ngalawa. Hakushangaa hata. Akaniuliza kitu kimoja tu: "hao kaskazi na kusi waziitaje?" Nikashindwa kumjibu.

Kasia Bovu

Ami yako aje afundishe chuo, nasema kweli. Hilo swali nimelijua jibu lake miaka mingi baada ya kutoka ile meli na bado linanikera kwamba nlikuwepo na sikuelewa.

Sisi upande wa dunia tumeuita kwa upepo. Kaskazi unavuma, unakotoka ndo kaskazini. Kusi, kusini. Wao hivyo hivyo. Wazee wao walikuwa na pepo mbili za msimu, ule wa mvua kutoka magharibi na ule wa mashariki. Kimalei leo barat ni magharibi na timur ni mashariki. Sasa Wamalagasi walipofika huku kwetu upepo wa mvua hautoki magharibi tena, unatoka kaskazini. Wakabaki na jina la upepo, wakageuza ramani. Kaskazini kwa Kimalagasi ni avaratra. Kusini ni atsimo, ndo timur ile. B ikawa v, t ya mwisho ikawa tra, mwanaisimu si alishasema.

Na sasa nakumbuka siku moja tumetoka Toamasina, bandari ya Madagaska, jioni, hewa imebadilika, serahangi yuko nje anavuta sigara anaangalia mawingu mazito akasema peke yake "habagat". Kwao huo ni upepo wa mvua wa kusini magharibi. Mpishi alikuwa anamwaga maji machafu pembeni, akasikia, akamrekebisha: "avaratra". Serahangi akanyoosha mkono kusini magharibi. Mpishi akanyoosha kaskazini. Wakabishana pale mpaka mvua ikatukuta, mi nikawaambia nyie wote hamjui, hii ni kaskazi, tukakimbilia ndani.